Nimeitwa mahojiano ya kazi na ujauzito unaonekana: niwaambie, ninyamaze au nisiende?

Swali

Hujambo dada. Mimi ni mhasibu, naishi Donholm na mume wangu. Mkataba wangu wa mwisho uliisha Februari, pesa za mradi zilipokatika. Tangu hapo nimetuma maombi kila mahali, na juzi kampuni moja ya kusafirisha mizigo iliyoko Upper Hill ilinipigia simu niende mahojiano Alhamisi ijayo. Nafasi ni ya mhasibu, ajira ya kudumu. Shida ni kwamba ujauzito wangu uko wiki ya 28 na hakuna nguo itakayouficha. Natarajia kujifungua karibu na Agosti 20. Aliyenipigia hajui. Mama mkwe anasema nitajiaibisha bure, ningoje nijifungue kwanza. Rafiki yangu anasema nivae koti kubwa na nisitamke neno. Je, niwapigie niwaambie mapema? Wakiniuliza nijibu nini? Na hata wakinichukua, nitakuwa na haki gani ya likizo ya uzazi ilhali nimeanza kazi juzi tu?

Jibu

Nenda, dada yangu. Walioketi na kusoma wasifu wako waliona kazi uliyofanya, wakaamua unastahili kusikizwa. Ukingoja ujifungue, nafasi hii itakuwa na mwenyewe, nawe utaanza kutafuta upya ukiwa na mtoto mchanga mkononi na pengo refu zaidi kwenye wasifu. Mama mkwe anakuonea huruma, usimjibu vibaya. Lakini katika hili usimfuate.

Nimefanya kazi ya kuajiri watu hapa Nairobi kwa miaka mingi, nikiwa upande wa pili wa meza. Kuna jambo ambalo waombaji hawalioni kwa sababu wakishatoka, mlango hufungwa nyuma yao. Mwombaji mjamzito akitoka, jopo huzungumzia ujauzito wake, hata kama hakuna aliyeutaja mbele yake. Tena hasa pale ambapo hakuna aliyeutaja, kwa sababu wengi siku hizi wanaogopa kuuliza wasije wakashtakiwa, basi maswali wanayameza mpaka aondoke. Anajifungua lini? Atarudi kweli? Atakaa nje muda gani? Nani atafunga vitabu? Kwa kuwa hakuna anayejua, kila mtu anabahatisha, na huwa wanabahatisha vibaya. Mwezi wa saba unageuka kuwa wa tisa, likizo ya miezi mitatu inageuka nusu mwaka. Nimesikia mama aliyejibu kila swali vizuri akiwekwa kando kwa hesabu za namna hiyo, hesabu ambazo yeye angezisahihisha kwa sentensi mbili.

Kwa hiyo maandalizi yako yote yaelekee hapo. Kwanza waonyeshe unaijua kazi. Kisha, kabla hujatoka, waachie tarehe. Mkutano ule ambao wewe hutakuwemo uendeshwe kwa tarehe zako.

Koti kubwa liache nyumbani. Najua Juni ni baridi, lakini ukumbi wa mahojiano huwa umefungwa madirisha na wewe unabeba joto la watu wawili. Utatoka jasho katikati ya swali la kwanza. Halafu koti halifichi kitu wiki ya 29. Linachofanya ni kuwaonyesha watu kwamba unaficha, nao watajiuliza unaficha nini kingine. Mhasibu hataki swali hilo limzunguke.

Kuwapigia simu mapema? Mimi nasema hapana. Sheria haikulazimishi, na anayepokea simu ile mara nyingi ni msaidizi wa ofisi ambaye ataibeba habari hadi kwa meneja kwa maneno yake, siyo yako. Piga simu tu kama una mahitaji ya siku yenyewe. Kwa mfano, kama daktari amekukataza ngazi na hujui kama jengo lina lifti, uliza lifti. Kama wamesema kutakuwa na mtihani wa kompyuta wa saa mbili, uliza kama kuna mapumziko katikati. Na kama bado kuna nafasi ya kuchagua saa, omba ya asubuhi, kwa sababu miguu hufura kuelekea jioni na kiungulia huongezeka baada ya chakula cha mchana.

Sasa tuje kwenye karatasi ambayo nataka uitengeneze kabla ya Jumapili. Chukua ukurasa mmoja na uweke juu yake kalenda ya kazi unayoiomba pamoja na kalenda ya mwili wako. Kazi yako ina tarehe zisizosogea: PAYE, kodi inayokatwa kwenye mishahara, inalipwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, marejesho ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kufikia tarehe 20. Kampuni inayofunga mwaka wake Desemba 31 inawasilisha marejesho ya ushuru wa mapato kufikia Juni 30. Tuseme wanakuchukua na unaanza Juni 15, kwa kuwa wewe huna mwajiri wa kumpa notisi. Utawakuta katika wiki mbili za mwisho za marejesho ya mwaka, wakati wanahitaji mikono kuliko wakati wowote. Utatuma PAYE ya Julai kufikia Agosti 9. Agosti 10 unaingia likizo ya uzazi. Miezi mitatu baadaye, Novemba 10, unarudi kazini, majuma saba kabla ya kufunga mwaka na kabla wakaguzi wa hesabu hawajaanza kubisha hodi.

Kinachobaki katikati ukikihesabu ni marejesho matatu ya VAT, yanayowasilishwa Agosti, Septemba na Oktoba, na malipo matatu ya PAYE, yanayolipwa kuanzia Septemba hadi Novemba, pamoja na kulinganisha vitabu na taarifa za benki kila mwisho wa mwezi. Hiyo ni kazi inayoweza kufanywa na msaidizi wa hesabu akiachiwa maelekezo mazuri na mtu wa kuikagua, au na mhasibu wa muda wa miezi mitatu. Ukilisema hivyo, ujauzito wako unakuwa jambo la kupangwa kama likizo nyingine yoyote, na wakuu wa fedha wanapenda sana mtu anayewaletea tatizo likiwa limeshakatwakatwa vipande.

Huenda mwaka wa kampuni yao haufungwi Desemba. Wengine hufunga Juni 30. Ikiwa ni hivyo, usijifanye kwamba tarehe zinakupendelea. Utakuwa nje wakati wakaguzi wako ndani, na ni vyema uliseme wewe mwenyewe: utatumia Juni na Julai kuandaa jedwali zote za ukaguzi kabla hujaondoka. Kwa hiyo mapema katika mahojiano, wakikupa nafasi, uliza mwaka wao unafungwa lini. Ni swali la mhasibu, halitamshangaza mtu.

Na utalisema saa ngapi? Usiliseme unapoketi tu, kwa sababu saa nzima inayofuata watakuwa wanakutazama tumbo na hawasikii unachosema kuhusu wadeni na wadai. Pia usilisubiri hadi mlangoni. Karibu kila jopo huuliza kuelekea mwisho, "Ukipewa kazi hii unaweza kuanza lini?" Hapo ndipo mahali pake. Wasipouliza, watakuambia, "Una swali lolote kwetu?" na utaanzia hapo. Useme jambo kama hili:

"Naweza kuanza Juni 15. Kama mnavyoona nina ujauzito, na natarajia kujifungua karibu na Agosti 20. Nitaenda likizo ya uzazi Agosti 10 na kurudi Novemba 10, kabla ya kufunga mwaka. Nikiondoka nitaacha maelekezo ya maandishi ya marejesho na malipo yote ya miezi hiyo, na nitakuwa nimemwonyesha atakayeshika nafasi yangu."

Kisha nyamaza. Kunyamaza hapo ni kugumu, nawaona waombaji wakishindwa kila mara. Kimya cha sekunde chache kinawaingia, wanaanza kujazia: samahani kwa kuja katika hali hii, lakini mimi si mgonjwa, hata dada yangu alifanya kazi hadi siku ya mwisho, hata nikiwa likizo mnaweza kunitumia kazi kwenye simu. Kila sentensi inayoongezwa inapunguza ile ya kwanza. Usiombe msamaha. Na tafadhali usijitolee kurudi baada ya wiki sita ili wakuone una bidii. Hujui utajifungua kwa njia gani wala mwili utachukua muda gani kupona, na ahadi uliyoitoa mbele ya watu wanne itakuja kudaiwa ukiwa na mshono. Miezi mitatu ni yako.

Kwa kuwa Nairobi mahojiano ya ofisini mara nyingi huwa kwa Kiingereza, maneno hayo yafanyie mazoezi kwa Kiingereza, kwa sauti, ukiwa umeketi. Kuketi kuna maana yake. Kuanzia miezi hii mtoto anasukuma kiwambo cha tumbo juu, mapafu yanabaki na nafasi ndogo, na pumzi inakatika katikati ya sentensi ndefu. Asiyejua atadhani una hofu. Jirekodi kwenye simu ukijibu "Tueleze kukuhusu" na usikilize unaishiwa pumzi wapi. Pale ndipo pa kuweka kituo. Majibu ya dakika mbili yanatosha. Mwambie mumeo akae mbele yako Jumamosi jioni akuulize maswali bila kucheka.

Usisahau kwamba ujauzito ni sehemu ndogo ya siku ile. Utaulizwa jinsi ulivyogundua kosa kwenye vitabu, umetumia programu gani ya hesabu, unaielewaje eTIMS, ule mfumo wa ankara za kielektroniki, umewahi kushughulika vipi na mamlaka ya ushuru, KRA, wakidai kitu ambacho kampuni imeshalipa. Kampuni ya mizigo ina mambo yake: mafuta, madereva wanaobeba pesa za njiani, wateja wanaolipa baada ya miezi mitatu, malipo ya bandarini. Tafuta mifano kutoka mradi wako wa zamani inayokaribiana na hayo. Mwombaji anayeijua kazi hufanya tarehe za likizo zionekane ndogo, na asiyeijua hakuna mpango wa kumwokoa.

Maswali ya ujauzito yenyewe huja kwa sura mbili, na ni vizuri uzitofautishe. Kuna mama wa makamo kwenye jopo atakayekuambia, "Pole mwanangu, keti vizuri, unataka maji?" Chukua maji, mshukuru, endelea. Hakuna mtego hapo. Halafu kuna maswali yanayopima kitu ambacho hayana haki ya kupima: huyu ni wa kwanza? Mzee nyumbani anasemaje? Nani atamlea mtoto ukirudi? Mnapanga wengine? Huna haja ya kugombana nayo wala kuyajibu yote. Jibu kwa sentensi moja tulivu kisha rudisha mazungumzo kwenye kazi. "Malezi tumeshayapanga nyumbani. Kuhusu kazi, ratiba yangu ni ile niliyowaeleza, na ningependa kujua nani kwa sasa anashughulikia marejesho ya VAT." Kuhusu watoto wa baadaye, "Hilo ni la familia yangu" linatosha, likisemwa kwa uso mkunjufu. Usianze kueleza kwamba mama yako atakuja kutoka nyumbani au kwamba umepata dada wa kazi wa kuaminika. Ukifungua mlango huo, maswali kumi zaidi yatapita.

Sheria iko upande wako kuliko unavyodhani. Kifungu cha 27 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataja ujauzito waziwazi miongoni mwa misingi ambayo mtu haruhusiwi kubaguliwa kwayo. Sheria ya Ajira ya 2007, katika kifungu cha 5, inasema vivyo hivyo, na inamlinda hata anayetafuta kazi, siyo aliyekwisha kuajiriwa peke yake. Kifungu hicho pia kinamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua, jambo likifika mahakamani.

Kuhusu likizo, swali lako lina jibu zuri. Kifungu cha 29 cha sheria hiyo kinampa mwanamke aliyeajiriwa miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, na hakiweki sharti la kwamba awe amefanya kazi kwa muda fulani kwanza. Ukianza Juni na kuondoka Agosti, bado unayo. Unatakiwa kumpa mwajiri notisi ya maandishi isiyopungua siku saba, ikisema unaondoka lini na unarudi lini, na akitaka cheti cha daktari au mkunga umletee. Mimi ningempa notisi wiki ya kwanza kazini, kwa sababu ndiyo inayompa nafasi ya kupanga. Siku zako za likizo ya mwaka hazifutwi kwa sababu ulienda ya uzazi. Ukirudi, unarudi kwenye kazi ile uliyoiacha au nyingine inayokufaa, kwa masharti yasiyo duni kuliko yale ya awali. Na kifungu cha 46 kinasema wazi kwamba ujauzito, au jambo lolote linaloambatana nao, si sababu ya haki ya kumfuta mtu kazi. Mumeo naye, kama ameajiriwa, ana wiki mbili kwa mshahara kamili chini ya kifungu hicho hicho cha 29. Mwambie aziombe mapema, wanaume wengi huziacha zikapotea.

Hata hivyo usiende pale na vifungu mdomoni. Vifungu ni vya kukufanya uketi wima, na vya kutumia baadaye kama mambo yataharibika. Kusema ukweli, kuthibitisha kwamba ulinyimwa kazi kwa sababu ya ujauzito ni kugumu kuliko kuthibitisha kwamba ulifutwa kwa sababu hiyo, maana kampuni inaweza kusema ilimpata aliye bora kukuliko. Kinachosaidia ni karatasi. Hifadhi tangazo la kazi, ujumbe wa kukuita, na kila barua pepe. Ukitoka kwenye jengo, kabla hujapanda gari, andika kwenye simu yako nani alikuwa kwenye jopo, saa ngapi, na nani aliuliza nini kwa maneno yake mwenyewe. Maneno yaliyoandikwa siku ile ile yana uzito ambao kumbukumbu ya mwezi mzima haina. Ikibidi, unaweza kumwona afisa wa leba, kupeleka malalamishi kwa Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa, au kutafuta msaada wa mawakili wa FIDA Kenya au Kituo cha Sheria. Kesi zenyewe husikizwa na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi pale Milimani, na Sheria ya Ajira inatoa miaka mitatu ya kushtaki. Una muda wa kujifungua kwanza na kufikiri ukiwa umetulia.

Sehemu inayonitia wasiwasi zaidi ni ile ya baada ya mahojiano, wakikupenda. Hapo ndipo kina mama wengi hupoteza walichopata. Kuna ahadi mbili hasa ambazo huja na tabasamu.

Ya kwanza: "Tumekupenda, nenda ujifungue salama, tutakuwekea nafasi." Inasemwa kwa moyo mwema mara nyingi, lakini Novemba meneja yule anaweza kuwa amehama na bajeti imekatwa. Ukikubali kuanza baada ya kujifungua, na kuna sababu nzuri za kukubali, iwe kwa barua ya ajira iliyotiwa saini na pande zote mbili, yenye cheo, mshahara na tarehe ya kuanza. Jua pia kwamba ukianza Novemba hutalipwa likizo, kwa kuwa hukuwa mwajiriwa wao ulipojifungua. Wewe uliyekaa bila mshahara tangu Februari, ningekushauri uanze Juni kama daktari hana pingamizi.

Ya pili: tangazo lilisema ajira ya kudumu, lakini barua inakuja ikisema mkataba wa miezi miwili, "tuonane kwanza." Tazama tarehe ya mwisho. Mkataba unaoisha Agosti 9 unaisha siku moja kabla ya likizo yako, nawe utaenda kujifungua ukiwa huna kazi wala mshahara. Waandikie kwa heshima uulize kwa nini masharti yamebadilika kutoka yale ya tangazo, na uombe jibu la maandishi. Wakati mwingine ni barua ya kawaida iliyonakiliwa vibaya, inarekebishwa siku hiyo hiyo. Wakati mwingine jibu lenyewe litakueleza mengi.

Utapewa pia kipindi cha majaribio. Kisheria hakizidi miezi sita, na kuongezwa miezi mingine sita kunahitaji ukubali wewe. Likizo yako itaangukia katikati yake, kwa hiyo uliza ofisi ya wafanyakazi kabla ya kutia saini: miezi ile mitatu itahesabiwa vipi? Pata jibu kwa maandishi. Hapo hapo uliza bima yao ya matibabu inaanza lini na kama inagharamia uzazi tangu siku ya kwanza, maana bima nyingine zina muda wa kungoja. Maswali haya ni ya baada ya barua ya ajira kufika. Kwenye mahojiano usiyaulize.

Wala usiingoje bima ya kampuni. Ulipoacha kulipwa mshahara Februari, makato yako ya SHA, bima ya afya ya serikali, ya asilimia 2.75 nayo yalikoma. Angalia hali yako leo kwa kupiga *147#. Kama mumeo anakatwa kazini kwake, hakikisha umeandikishwa chini yake kama mkewe. Kama naye hana mshahara wa kila mwezi, mtafanyiwa tathmini ya mapato ya nyumba na kulipa kwa mwaka. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Malizeni hilo Juni, msije mkalikumbuka usiku wa uchungu kwenye dirisha la hospitali.

Nguo sasa, kwa ufupi. Gauni la rangi moja la kina mama wajawazito, lenye kufika chini ya goti hata ukiketi, na sweta au koti jepesi linaloachwa wazi mbele. Ukikosa nyumbani, soko la Toi au la Gikomba hutakosa, na Biashara Street kuna maduka ya nguo za wajawazito. Livae ukiwa nyumbani, uketi nalo saa nzima. Viatu viwe bapa na uvijaribu jioni, miguu ikiwa imefura.

Kutoka Donholm asubuhi, Jogoo Road unaijua. Toka mapema kuliko unavyoona inafaa, na ukifika mjini, kama pesa zinaruhusu, itisha teksi ya kukupandisha Upper Hill. Kilima kile kwa miguu ukiwa wiki ya 29 kitakufikisha ukihema. Bodaboda usipande siku hiyo. Beba kitambulisho mahali pa karibu kwa sababu askari wa mlangoni atakuhitaji ujiandikishe, na huyo huyo muulize choo kiko wapi. Nenda kabla hujaitwa, hata kama huhisi. Kula kidogo nyumbani, mayai ya kuchemsha na ndizi, siyo chapati na maharagwe, na uweke njugu na chupa ya maji mkobani. Ndani, mtoto akigeuka ghafla ukapoteza neno, sema, "Nipe sekunde moja," unywe maji, uendelee. Hakuna atakayekukata alama kwa hilo. Kijitabu cha kliniki cha Mama na Mtoto kiwe mkobani pia, kama siku yoyote unapotoka mbali na nyumbani miezi hii.

Na kama asubuhi ile utaona damu au maji yanatoka, kichwa kinauma sana huku macho yanaona ukungu, au mtoto hachezi kama kawaida, usiende Upper Hill. Nenda hospitali moja kwa moja. Mumeo awapigie kampuni awaombe siku nyingine, na nimewaona wakikubali mara nyingi.

Jioni ya Alhamisi, mambo yakienda sawa, mtumie aliyekuita barua pepe fupi. Washukuru, taja jambo moja la kazi mlilolizungumza ambalo limekuvutia, kisha rudia zile tarehe tatu: Juni 15, Agosti 10, Novemba 10. Barua hiyo mara nyingi ndiyo inayofunguliwa mezani jopo linapokaa kuamua. Wiki mbili zikipita kimya, piga simu uulize wamefikia wapi, na uendelee kutuma maombi mengine.